Udi wa Saa ya Futari

Mie ni mpika udi. Nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye ilikuwaje pua yangu, pua ambayo hapa Mabawa, mjini Tanga, inaheshimika, ikapigwa chenga na binti ndani ya nyumba yetu wenyewe. Nikipita mlangoni kwa mtu najua mchuzi wake umeungua hata kama ameshaumwaga. Lakini ukishinda kutwa juu ya sufuria ya sukari na marashi, unageuza mwiko vipande visigandane, jioni ukiinuka hapo husikii tena kitu. Dunia nzima inanukia harusi. Ndivyo nilivyokuwa, na aliyelijua hilo kuliko wote ni yeye.

Tena nieleze udi ni nini kwetu, maana kosa letu lilianzia hapo. Udi si manukato ya kila mtu. Mke ndiye anayefukiza. Anatia kaa la moto kwenye chetezo, anatupia kipande, anafukiza mashuka, kanga na nywele, na mpita njia akiisikia harufu ile jioni anajua mwenye nyumba yuko njiani anarudi. Mwali ambaye hajaolewa hana kazi na udi. Kwenye harusi ya mwenzake ataachiwa apitishe moshi kidogo kwenye nguo, basi. Mwali akianza kufukiza chumba chake kila siku, majirani hawaulizi anafukiza nini. Wanaulizana anamfukizia nani.

Kwa hiyo binti wa kaka yangu alipoanza kufukiza chumba chake, tulielewa sote. Tulielewa vibaya, lakini wote kwa pamoja.

Nyumba yetu ina watu wanne. Yupo mama yetu mzazi, ambaye sote tunamwita Bibi. Yupo kaka yangu, fundi seremala, ambaye karakana yake iko ubavuni mwa nyumba. Yupo huyo binti yake, ambaye mama yake alifariki akiwa bado mtoto wa darasa la pili. Na nipo mie, niliyeolewa mara mbili, na mara zote mbili nikarudi kwetu na masufuria yangu. Binti tumemlea mie na Bibi. Nimemsuka, nimemchapa, nimemsimamia kwenye daftari zake ingawa hesabu zenyewe sizijui. Ananiita shangazi, lakini akiugua anaita mama, na anayeitika ni mie.

Alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi, hapa hapa mjini. Siku za kawaida analala bwenini, Ijumaa anarudi nyumbani. Akivaa ile sare yake, Bibi humwita daktari, na ukimweleza kwamba muuguzi si daktari anakuuliza wewe umesomea wapi.

Mara ya kwanza aliniomba udi kwa adabu zote. Alisema bwenini kuna unyevu, nguo zinanuka vundo. Nikampa kikopo. Baada ya muda mfupi kikopo kimekwisha, anataka kingine. Nikampa na kingine, ila safari hii nilimtazama. Kikopo kile mwanamke mwenye mume mwenye wivu anakitumia mwezi mzima.

Haikupita siku nyingi jirani yetu wa ukuta mmoja akanisimamisha bombani. Akaniuliza, huku akicheka, kama mwali tumemwozesha kimyakimya ili majirani wasile pilau, maana siku hizi kwetu kunanukia. Nami nikacheka. Nilipofika ndani sikucheka. Nikamwambia Bibi, na Bibi hana breki, akamwambia kaka yangu kabla uji haujapoa.

Kaka ni mtu wa kazi, hana maneno. Aliacha kupiga randa, akakaa juu ya ubao, akavuta sigara yake mpaka mwisho. Kwetu baba hamuulizi binti yake habari za wanaume, anamtuma shangazi. Nikatumwa. Nikazunguka weee, mara habari za masomo, mara habari za wenzake, mwishowe nikamuuliza wazi kama kuna mtu. Akasema hakuna. Sikumwamini. Tangu lini mwali akasema yupo?

Hapo ndipo ikaja posa kutoka Ushongo. Mtoto wa rafiki yake kaka, anafanya kazi kwenye hoteli ndogo ya pale ufukweni. Kijana mzuri, simsingizii kasoro. Zamani kaka angewajibu kwamba binti anasoma, wasubiri. Sasa alikuwa na hofu, na hofu ikamfanya aone posa ile kama imetumwa na Mungu. Akasema ikiwa binti ameshaanza kujifukiza kama mke, bora awe mke kweli. Harusi iwe Mfungo Mosi, mara baada ya Ramadhani. Na chuo? Chuo kiko Tanga, mume yuko Ushongo. Kila mtu aliweza kuona jibu lake.

Binti alipoambiwa hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kumaliza mtihani kwanza, na baba yake akamjibu kwamba atakayeulizwa hilo ni mumewe. Akaingia chumbani, akafunga mlango, na haikupita dakika udi ukatoka chini ya mlango. Bibi akanitazama. Mie nikatazama dari.

Ramadhani ikaingia, akapata ruhusa ya kulala nyumbani. Kaka hufuturu pamoja nasi uani, si barazani na wanaume wenziwe, kwa sababu Bibi hataki kula bila mwanawe. Jiko la mkaa liko katikati, mkeka umetandikwa, adhana ikitoka tunachukua tende. Na hapo kuna desturi moja ya nyumba yetu ambayo sikuwahi kuiona kuwa ni desturi, kama vile mtu asivyoona pua yake. Kaka akishameza tende na funda la maji, anatoa sigara mfukoni mwa kanzu, anamnyooshea binti yake bila hata kumtazama, anasema: niwashie. Binti anaipokea, anaitia mdomoni, anainama kwenye kaa, anavuta mpaka ishike, anamrudishia. Kisha anawasha na ya Bibi. Ameifanya kazi hiyo tangu miguu yake haijafika chini akikaa kitini. Mie nami niliifanya kwa Bibi hivyo hivyo, nikiwa mdogo, kabla yake. Kiberiti kiko pale pale, lakini mtoto yupo, kiberiti cha nini?

Na Bibi anavuta kwa namna yake. Alipokuwa kijana alipalilia mashamba ya mkonge, na wanawake wa shambani walijifunza kugeuza sigara, moto unakaa ndani ya mdomo na mwisho mweupe unatokeza nje. Upepo hauuzimi, mikono iko huru na jembe, na kwa mbali msimamizi hajui kama unavuta. Watoto wa mtaa wote hupenda kumtazama. Bibi anafumba mdomo juu ya moto, anakutazama kwa utulivu, moshi unatoka puani. Tulikuwa tukipiga makofi. Mungu atusamehe, tulikuwa tukipiga makofi.

Nilichokiona Ramadhani ile ni kwamba binti, ambaye kwa mihogo ya nazi angeuza nchi, alikuwa akila tende mbili, akawawashia wazee wake, kisha akaondoka. Chumbani. Mlango. Udi. Akirudi uji umeshapoa na macho yake yametulia, kama mtu aliyezungumza na ampendaye. Nikaapa kwamba huyo mwanaume wa simu saa ya futari nitamjua, na nitamwambia maneno ambayo hajawahi kuambiwa na mama yake.

Siku hiyo nikamwachia muda kidogo, nikainuka, nikaenda polepole bila viatu, nikasukuma mlango.

Hakuwa na simu. Alikuwa amesimama dirishani, mgongo ukutani, chetezo kinafuka miguuni kwake. Mdomo umefumbwa. Katikati ya midomo kimetokeza kipande cheupe, na moshi unamtoka puani taratibu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliniona nikiingia asiniamkie. Angeniamkiaje, mdomoni kuna moto?

Nitasema kweli. Kitu cha kwanza nilichokisikia ni furaha. Moyo ulifunguka, nikataka kupiga kigelegele. Hakuna mwanaume! Nikakaa kitandani nikicheka, nikamwambia mwanangu, kumbe ni sigara tu, na sisi tumeshakuvalisha shela. Yeye akaitoa, akaizima kwenye chetezo, akaenda kuufunga mlango nyuma yangu. Ndipo cheko likanikatika.

Nikamwambia basi, twende sasa hivi kwa baba yako tumweleze, posa ife, urudi kwenye vitabu vyako. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Shangazi, waache waseme nina mwanaume. Mwanaume wataniozesha, yaishe. Sigara wataninyooshea kidole mpaka nife."

Alikuwa anasema kweli tupu. Baba yake akivuta ni baba anapumzika. Bibi akivuta ni kituko cha kuwachekesha watoto, ameshazeeka, hana la kupoteza. Vijana wa kiume pale maskani wanavuta mchana kweupe na posa zao tunazipokea. Lakini mwali mwenye sigara, jina lake mnalijua, na hata hilo jina mtu hulisema kwa kunong'ona. Binti yangu alikuwa tayari kuolewa na mtu asiyemjua na kuacha kazi aliyoipenda, alimradi jina lile lisimguse.

Nikamuuliza alianza lini. Akasema hajui. Nikamwambia asinichezee. Akasema kweli hajui, kwa sababu hakumbuki siku ambayo ladha ya tumbaku haikuwa mdomoni mwake. Alipokuwa mdogo alikuwa akikohoa akiwasha, kisha akaacha kukohoa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini ameacha kukohoa. Alipofika sekondari alikuwa akivuta pafu moja la ziada njiani, akitoka jikoni kumpelekea baba yake barazani. Chuoni akakuta wenzake wanakwenda ufukweni Jumamosi, vijana wanaleta shisha, wanasema ile si sigara, ni matunda na maji. Wale wenzake walivuta wakacheka, wakarudi bwenini wakasahau. Yeye hakusahau. Mwili wake ulikuwa unaijua zamani. Baada ya hapo zikaja siku za mafunzo wodini, siku ya kwanza aliyofiwa na mgonjwa mikononi, na mwenzake aliyemwambia njoo nyuma ya jengo utulie. Akatulia. Anasema jambo baya kuliko yote ni kwamba alitulia kweli.

Nikaondoka chumbani mle nimeahidi kunyamaza. Na ahadi ile ilinitesa. Nikimnyima udi, moshi wa sigara utasikika chumbani kwake na kila mtu atajua. Nikimpa udi, kila mtu atazidi kuamini kuna mwanaume, na harusi inasogea. Nilikuwa napika sufuria yangu na machozi yanaingia kwenye sukari. Nilimletea karafuu, nikamwambia kila hamu ikija atafune. Alijaribu, maskini. Mchana wa saumu alikuwa shujaa kuliko sisi sote, hamu yenyewe hata haitaji. Adhana ikitoka tu, mkono unaanza kutafuta.

Kaka aliziona zile karafuu kwenye sahani, akauliza kama siku hizi tunafuturu kwa viungo vya pilau vikavu.

Kumi la mwisho la Ramadhani, jioni moja, kaka alikuja uani mapema. Alikuwa amekwishaoga na kuvaa kanzu. Adhana ikatoka, tukala tende, na kabla sijamimina uji akasema watu wa Ushongo wanataka jibu kabla ya Idi. Atawaambia ndiyo. Alisema kwa upole, hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo likanichoma zaidi. Aliona anamwokoa mtoto wake. Binti aliweka kikombe chini.

Kisha kaka akatia mkono mfukoni, akatoa sigara, akaunyoosha mkono bila kumtazama, kama siku zote.

"Niwashie."

Akaipokea. Akainama kwenye jiko, ushungi ameushika kwa mkono mmoja, akavuta mpaka ikashika. Hapo hapakuwa na jipya, ndiyo maana hakuna aliyemwangalia isipokuwa mie. Lakini hakumrudishia baba yake. Akasimama pale pale kwenye jiko, akavuta tena, pafu refu la mtu anayejua, akauachia moshi puani. Halafu akaigeuza sigara kwa vidole viwili, akautia moto ndani, akafumba mdomo. Akamgeukia Bibi.

Bibi alikuwa tayari ameshawashiwa ya kwake. Naye mdomo ameufumba, na kipande cheupe kimetokeza. Wakatazamana, mmoja ana meno na mwingine hana, na jamani, sura ilikuwa moja.

Binti akaitoa mdomoni.

"Baba, hiki ndicho nilichokuwa nakifunika kwa udi. Hakuna mwanaume. Hajawahi kuwapo."

Nilimwona kaka anavyopokea. Kwanza hakuelewa, akatazama sigara, akatazama mlango wa chumba cha binti, akatazama chetezo changu kwenye kona. Kisha akaelewa vyote kwa mpigo, na binti alikuwa ameshaniambia zamani kwamba atanyooshewa kidole, ila hata yeye hakujua yangekuwa maneno haya.

"Heri ungeniletea mimba."

Niliruka. Nilikuwa nimeshafungua kinywa, na yaliyokuwa yanakuja si maneno ya mwezi mtukufu. Bibi akaniwahi. Aliitoa sigara yake mdomoni, akaizamisha kwenye kikombe chake cha uji, uji ambao alikuwa hajaugusa, ikalia tss. Sijawahi kumwona Bibi akiharibu chakula.

"Unamuuliza nani kampa? Umempa wewe, mwanangu, kwa mkono wako, sasa hivi hapa. Na kuigeuza kajifunza kwangu."

Kaka hakuwa amemuuliza mtu kitu, lakini alijibiwa. Akainuka, akavaa kandambili vibaya, ya kushoto kulia, akaenda msikitini bila kula. Binti akakaa kwenye mkeka na kuanza kula mihogo. Alikula kama mtu aliyetoka jela. Sikumzuia, nikamwongezea nazi.

Kaka alirudi baada ya tarawehe, akapita moja kwa moja kulala. Asubuhi nilimfuata karakana na nikamvaa. Nilimwambia neno alilolisema jana haliwezi kurudi kinywani, kwa hiyo atafute neno lingine la kuliwekea juu. Alikuwa anapiga msasa mlango ambao ulikuwa umeshalainika zamani. Baadaye akasema, macho kwenye ubao, "Nilikuwa namwona anawasha. Sikumwona anavuta."

Nikakosa hasira ya kuendelea. Kwani mie nilimwona? Mie mwenye pua.

Alimwita binti yake siku hiyo hiyo, mchana, na mie nikafagia chini ya dirisha la karakana kwa muda mrefu kuliko panavyostahili. Hakumwomba radhi, kwetu baba haombi hivyo, lakini alimwekea kigoda akae, kigoda chake mwenyewe, yeye akabaki amesimama. Akamuuliza kama anataka kuacha. Akasema anataka, ila anaogopa hataweza. Kaka akakohoa kile kikohozi chake, akasema hata yeye. Kisha akasema watu wa Ushongo ameshawapigia simu asubuhi. Amewaambia binti anasoma. Binti akauliza kama amewaambia na lile jingine. Akajibu kwamba lile jingine ni la nyumbani.

Nikadondosha ufagio.

Sitaki mtu afikirie kwamba tangu siku hiyo nyumba ikawa safi. Binti aliacha, akarudia baada ya mtihani mmoja mgumu, akaja mwenyewe kuniambia kwa aibu, tukaanza upya. Alikwenda kwa mwalimu wao mmoja chuoni, mama mtu mzima aliyekuwa akimwogopa, na yule mama badala ya kumfukuza akamwelekeza kwa mtu wa kuongea naye, na huko akawakuta wenziwe wawili wa bweni lake wamekaa kwenye benchi lile lile wakisubiri. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Wakawa wanakwenda pamoja. Ufukweni bado wanakwenda Jumamosi, ni vijana, wafungiwe ndani? Lakini shisha ikizunguka wao wanainuka kwenda kununua mihogo ya kuchoma, na yule mmoja mcheshi anasema moshi huu unatosha.

Kaka ndiye alikuwa balaa. Alipunguza, akaongeza, akaficha sigara ndani ya boksi la misumari, na Bibi akazigundua akazivuta yeye. Bibi mwenyewe tulimwacha. Alisema moto wake umemlea tangu shambani na ataondoka nao. Ila tangu jioni ile hajamtuma mtoto wa mtu kuwasha. Ananyanyuka kwa mikono na magoti, analalamika kiuno, anatembea mpaka jikoni, anawasha mwenyewe. Watoto wa jirani wakija kumtazama anawageuzia mgongo. Wanaudhika sana.

Hata kwenye harusi ya mtoto wa binamu yetu kule Mwera, ambako nilikwenda kumfukiza bibi harusi, niliona sahani ya sigara inaandaliwa pamoja na halua na kahawa kwa ajili ya wanaume, kama ilivyo ada. Vijana wadogo ndio walikuwa wanaizungusha. Nikauliza kwani lazima. Wakasema wageni watasema tumewabania. Nikaichukua ile sahani, nikatia iliki na karafuu, nikaipeleka mwenyewe, na aliyenung'unika nikamfukizia udi usoni mpaka akapiga chafya. Wanaume wengine walivuta za kwao, sawa. Lakini hakuna mtoto aliyewapelekea.

Binti alimaliza chuo. Sasa yuko hospitali kwa mafunzo ya vitendo, na anasema akiingia wodini wagonjwa wa kifua ndio anaoelewana nao haraka, kwa sababu hawahubirii. Anawauliza nani aliyekuwa akiwawashia, au wao walikuwa wakimwashia nani. Anasema watu wazima hunyamaza, kisha huanza kueleza.

Ramadhani iliyofuata tulikuwa uani kama kawaida, watu wale wale, mkeka ule ule. Adhana ikatoka. Kaka akala tende, akanywa maji, akatia mkono mfukoni mwa kanzu, na akaunyoosha kwa binti yake bila kumtazama.

Mwiko ulinisimama mkononi. Hata Bibi aliacha kumung'unya tende. Binti naye alibaki amekitazama kile kiganja kilichofungwa.

Kaka akafungua vidole. Mlikuwa na karafuu mbili.

"Chukua yako," akasema.

Akachukua moja, na baba yake moja, wakatafuna wamekunja nyuso kama watoto wanaonyweshwa dawa. Nikamimina uji kwa sababu nilihitaji kushika kitu.

Tulipomaliza kula nilikwenda kuchukua chetezo changu kwenye kona, na binti akaniwahi. Akasema leo atafukiza yeye. Akatia kaa, akatupia kipande kikubwa, cha ule udi wangu mzuri ambao huwa nauficha, na nikamwacha. Alianzia chumbani kwake, mlango wazi, akapita kwa Bibi, akapita kwangu, akafika ukumbini, akasita. Huko mbele kuna dirisha la jirani.

Kaka alikuwa anavaa viatu vya kwenda tarawehe. Akamwambia afukize mpaka barazani.

Akafukiza mpaka barazani.